Mafunzo ya walimu kuhusu dakio la Mto Zigi: tuyapangeje ili wanafunzi wafike mtoni?

Mwalimu wa Muheza

Ndugu walimu, nawasalimu. Nimepewa jukumu la kuongoza mafunzo ya siku mbili kwa walimu wa Sayansi na wa Jiografia na Mazingira kutoka shule tano za msingi katani kwetu, ili wawafundishe wanafunzi kwa vitendo kuhusu dakio la Mto Zigi, yaani eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake huishia katika mto huo. Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya namna hiyo. Tulikaa ukumbini kutwa nzima, tukaoneshwa michoro ya mzunguko wa maji, tukapewa vyeti, na kwa kadiri ninavyofahamu hakuna kati yetu aliyewapeleka wanafunzi mtoni baada ya hapo, nami nikiwemo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu watoto ninaowafundisha wanaishi kando ya maji yanayoteremka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani, ambako jiji la Tanga huchota maji yake ya kunywa. Nifanye nini ili safari hii matokeo yawe tofauti?

Mkufunzi mstaafu, Tanga

Mwalimu, hongera kwa kusema ukweli huo. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu niligundua kuwa wengi hawaendi mtoni kwa kuogopa kuulizwa swali wasilolijua mbele ya watoto, ingawa sababu wanayoitaja ni ukosefu wa vifaa. Hofu hiyo haiondolewi na mhadhara. Kwa hiyo siku ya kwanza wafanye walimu wawe wanafunzi: wapeleke kwenye kijito, wapime mita 10 kwa kamba, waachie chungwa moja lielee na wahesabu sekunde. Likitumia sekunde 20, mwendo wa maji juu ni nusu mita kwa sekunde. Kisha waulize kwa nini chungwa lililopita katikati liliwahi kuliko lililopita ukingoni, na usiwape jibu upesi. Waache wabishane, wajaribu tena, waone jinsi swali linavyofundisha.

Siku ya pili ndiyo muhimu zaidi. Omba darasa moja la wanafunzi halisi, kila kikundi cha walimu kiongoze zoezi moja huku wenzao wakitazama, kisha mkae chini ya mti mzungumzie kilichokwama. Baada ya hapo endeleeni kupitia jumuiya za kujifunza za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwenu, maana siku mbili peke yake hazitoshi.

Mtaalamu wa maabara ya maji

Shikamoo Mkufunzi. Naongezea upande wa vipimo na usalama.

Chupa angavu za maji ya kunywa zinatosha kuanzia. Chukueni maji ya kijito kile kile kabla ya mvua na siku moja baada ya mvua, mziache zitulie usiku kucha, kisha mpime kwa rula unene wa tope lililotuama. Mtoto akiona tofauti hiyo atauliza mwenyewe udongo umetoka shamba la nani, na hapo somo la kilimo cha matuta linaanza bila kulazimishwa. Geuzeni pia mawe machache: lava, yaani wadudu wachanga wa majini, wenye mikia mitatu myembamba huashiria maji yenye hewa ya kutosha, ilhali vijidudu vyekundu kama nyuzi vikitawala ni dalili ya uchafu. Jiwe lirudishwe lilivyokuwa.

Zoezi jingine ninalolipenda ni kupima mita 60 kutoka ukingoni, umbali ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani yake shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo za mto. Wanafunzi wachore walichokikuta humo bila kumtaja mwenye shamba.

Lakini tahadharini na kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na hupenya ngozi, kwa hiyo vaeni mabuti ya mpira, epukeni madimbwi, na msiingie mtoni wakati wa masika maji yakiwa yamejaa.

Mwalimu, Bagamoyo

Nasi huku tuko mwisho wa Mto Ruvu, kwa hiyo nalifuatilia suala hili. Nchini Marekani, majimbo ya bonde la Ghuba ya Chesapeake yaliafikiana mwaka 2014 kwamba kila mwanafunzi apate somo la vitendo la namna hii angalau mara moja katika kila ngazi ya shule. Ninachokithamini katika mpango wao ni kwamba somo huanza na swali la wanafunzi wenyewe na huishia kwa tendo, kwa mfano kupanda miti ukingoni. Walimu wako wapange tendo hilo tangu siku ya kwanza.

Mwalimu wa Muheza

Nawashukuru sana. Nitaomba mafunzo yasogezwe hadi Juni, masika yakishapita, na ukumbi nitauacha kabisa. Tutaanzia kwenye kijito kilicho nyuma ya shule yetu, na wiki hii nitamwona mwenyekiti wa kijiji pamoja na wazazi kuhusu ruhusa. Mtaalamu, naomba unieleze jambo moja: chupa za tope zihifadhiwe vipi ili tulinganishe za vuli na za masika?