Nimerithi konsetina ya vitufe 20, siwezi kuipiga wala kuitengeneza: nianzie wapi?

Mjukuu wa Serahangi

Wanajamvi, asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa zangu. Ninaandika kutoka Tanga. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa serahangi, yaani mnyapara wa mabaharia, katika meli za mizigo, na miongoni mwa vitu alivyoviacha sandukuni ni kinanda kidogo chenye pembe sita kila upande, mivukuto ya kusukumia hewa katikati, na vitufe kumi kwa kila mkono, ambacho baada ya kulinganisha picha nimekitambua kuwa ni konsetina. Mama anakumbuka kwamba babu alikuwa akikipiga barazani baada ya isha, na kwamba watoto walikiita kinanda cha kukamua, kwa kuwa mpigaji huonekana kama mtu anayekamua tui.

Hali yake si nzuri. Nikisukuma mivukuto, noti moja ya mkono wa kulia hulia yenyewe bila kuguswa. Vitufe viwili vya mkono wa kushoto havitoi sauti yoyote nikisukuma, ingawa nikivuta vinatoa sauti safi kabisa. Mivukuto inavuja katika kona mbili, na mkanda wa mkono mmoja umekatika. Mwezi uliopita nilikipeleka kwa fundi mmoja wa redio, naye bila kuniuliza akapaka supaglu kwenye mojawapo ya kona hizo, ambayo sasa imekuwa ngumu kama ukucha na bado inavuja.

Nina umri wa miaka 41, na muziki pekee ninaoujua ni kupiga dufu. Naomba ushauri: je, nikitengeneze kwanza ndipo nijifunze, au nianze kujifunza kikiwa hivi kilivyo? Je, ni salama kukifungua mwenyewe? Na je, siku moja kitaweza kunipigia taarabu, ambayo ndiyo hasa niliyoitamani nilipokiona?

Pweza wa Shangani

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mimi ni mpigaji wa akodiani hapa Unguja, na ningekuomba usikifungue hata kidogo. Nimeshaona akodiani tatu zilizofunguliwa na watu wenye nia njema, na zote tatu zilirudi zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Kuhusu taarabu nitarudi baadaye, maana jibu lake ni refu na sipendi kukukatisha tamaa kwa sentensi moja.

Fundi wa Ndimi

Kwa heshima zote kwa Pweza, mimi naona tofauti. Ninatengeneza akodiani na hamonia hapa Mombasa, na konsetina chache zimepita mikononi mwangu. Akodiani ina mamia ya ndimi, yaani vibamba vyembamba vinavyotetemeka na kutoa sauti, zilizogandishwa kwa nta, kwa hiyo kumkataza mtu asiyeijua asiifungue ni haki. Konsetina ya vitufe 20 ina ndimi 40 tu, na kama imetoka kwa mafundi wa Uingereza ilitengenezwa kwa makusudi ifunguliwe kwa bisibisi moja.

Mpendwa Mjukuu, maelezo yako yanatosha kujua ugonjwa kabla ya kumwona mgonjwa. Kila kitufe huinua kizibo kimoja cha ngozi, na chini ya kizibo hicho kuna chumba chenye ndimi mbili, mmoja hulia ukisukuma na mwingine hulia ukivuta. Vile vitufe viwili vya kushoto vinavyolia kwa kuvuta vinathibitisha kwamba vizibo vyake vinafunguka sawasawa, na hivyo tatizo liko kwenye ndimi za kusukuma, ambazo bila shaka zimekwama kwa uchafu au kutu. Ile noti inayolia yenyewe ni kinyume chake. Unaposukuma, hewa ya ndani hukinyanyua kizibo kutoka kwenye tundu lake, na kazi ya springi ni kukizuia. Springi ikilegea au kizibo kikikaa upande, noti italia hata kama hujagusa kitu. Hakuna ugonjwa wowote kati ya hiyo unaohitaji hospitali ya rufaa.

Kabla ya kufungua, chukua kipande cha boksi, uchore juu yake pembe sita, na utoboe tundu moja kila pembe. Kila skrubu unayoitoa ichomeke kwenye tundu la pembe yake, na uandike kulia au kushoto, kwa sababu katika vinanda vya zamani kila skrubu imezoea tundu lake na ukizichanganya utaharibu nyuzi zake. Fungua upande mmoja tu kwa siku. Utanyanyua kwanza pambo la nje, ndipo uone nyenzo zinazoinua vizibo, springi na vizibo vyenyewe. Chini yake kuna kibao cha ndimi, ambacho hutoka kwa kuvutwa taratibu kwa kidole kupitia tundu la katikati. Upande wa kibao unaotazama mivukuto ndio wenye ndimi za kusukuma, na upande wa vyumba ndio wenye ndimi za kuvuta. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni chumvi na maji. Chukua karatasi nyembamba, uipitishe chini ya ulimi uliokwama kuanzia kwenye ncha, uivute nje polepole, na utazame kilichotoka.

Mafuta ya kupulizia ya aina yoyote ni haramu humo ndani, kwa sababu huloweka ngozi na kunasa vumbi. Tupa, ile ya kukwaruzia chuma, nayo usiiguse kabisa kwa sasa, na sababu nitaieleza ukishafungua.

Mswahili wa Clare

Nawasalimu kutoka jimbo la Clare, Ayalandi, ambako konsetina ni kama zumari kwetu: arusi haiishi bila kuisikia. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na nilianza kujifunza nikiwa na miaka 38, kwa hiyo umri wako usikusumbue.

Kwanza, ujue ulichonacho. Charles Wheatstone wa London ndiye mwenye hataza za 1829 na 1844 zilizozaa konsetina ya Kiingereza, ambayo hutoa noti ileile ukisukuma au ukivuta. Mnamo 1834 Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, alitengeneza ya kwake, ambayo kila kitufe kina noti mbili tofauti, na Waingereza walipouchukua mpangilio huo kinanda kikaitwa Anglo. Cha kwako ni Anglo, aina ileile inayopigwa hapa Clare, na iliyoenea pia kwa Wazulu wa Afrika Kusini wapigao muziki wao wa maskanda. Ukikifungua, tazama kama kila ulimi una fremu yake ya shaba iliyochomekwa kwenye mti, au kama ndimi nyingi zimepangwa kwenye bamba moja refu. Mpangilio wa kwanza ni wa mafundi wa Uingereza, na huo ukionekana, usikiuze kwa mtu yeyote anayekwambia kuwa ni kitu cha kuchezea watoto.

Pili, anza kupiga leo, ukiwa na vitufe 18 vinavyokusikia. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, uegemeze upande wa kushoto juu ya paja la kushoto, na uuache upande wa kulia ndio utembee. Kwa kawaida safu ya vitufe iliyo mbali na kiganja ni ya skeli ya C, yaani ngazi ya noti inayoanzia C, na iliyo karibu ni ya G. Sahau ya G kwa mwezi mzima. Katika safu ya C ya mkono wa kushoto, hesabu kutoka upande wa kidole cha mwisho hadi ufike kitufe cha tatu: sukuma, ni C, vuta, ni D. Cha nne, sukuma ni E na kuvuta ni F. Cha tano, sukuma ni G na kuvuta ni A. Hapo unahamia mkono wa kulia, kitufe cha kwanza kilicho chini ya kidole cha shahada, na hapa ndipo wanafunzi wote hujikwaa, kwa sababu mpangilio unageuka: unaanza kwa kuvuta kupata B, kisha unasukuma kupata C ya juu. Mimi nilikaa wiki mbili nikijikwaa mahali hapo, hadi mke wangu akawa anaimba ile noti niliyoikosa akiwa jikoni.

Usivute wala kusukuma kwa nguvu bila kubonyeza kitufe. Chini ya dole gumba la kulia bila shaka kuna kitufe kisicho na noti ambacho hupitisha hewa tu. Kikitumiwa vizuri, mivukuto haitakuishia katikati ya wimbo. Dakika 15 kila siku zinatosha, na wimbo wa kwanza uwe ule ambao tayari unauimba bila kufikiri. Wewe wa dufu una kaswida nyingi kichwani, nayo ni hazina kubwa kuliko kitabu chochote cha noti.

Mjukuu wa Serahangi

Nawashukuru sana. Nilifungua upande wa kushoto Jumamosi, nikiwa na boksi langu lenye matundu, na mama amekaa pembeni akisema kwamba babu angenitandika. Ndimi zimepangwa kwa mduara kama njiti za mwavuli, kila mmoja ndani ya fremu yake ya shaba, na ndimi zenyewe ni za rangi ya manjano, si za chuma. Chini ya ulimi wa kwanza uliokwama karatasi ilitoa bawa la mende, kavu na jembamba kama ganda la kitunguu, na papo hapo noti ikarudi. Ulimi wa pili sikuona uchafu wowote, lakini ukitazamwa kwenye mwanga unagusa ukingo wa fremu upande mmoja.

Kingine kimenishangaza: nilipopima kwa programu ya simu, karibu kila noti iko juu zaidi ya inavyotakiwa, na zote kwa kiasi kinachokaribiana. Je, nianze kuzishusha?

Fundi wa Ndimi

Usishushe hata moja. Hii ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza. Ulimi ukikwaruzwa karibu na ncha hupanda, ukikwaruzwa karibu na shina hushuka, na kila mkwaruzo ni shaba iliyoondoka isiyorudi tena. Kinanda chako hakijaharibika, bali kilitengenezwa kwa kipimo cha zamani. Leo tunapima A kwa mitetemo 440 kwa sekunde, lakini vinanda vingi vya Uingereza vya karne ya 19 vilipimwa karibu na 452, ambayo ni takriban robo toni juu, yaani nusu ya hatua kati ya noti mbili zilizo jirani kabisa kwenye kinanda. Kikiwa kimekosea chote kwa pamoja, basi hakijakosea.

Ulimi wa pili umebanwa. Hewa yetu ya pwani huvimbisha mti, mti hubana fremu, na fremu hugusa ulimi. Sukuma fremu irudi nje kwa kiasi cha unene wa ukucha, uirudishe ndani bila kuishindilia, kisha ujaribu. Mvua za masika zikiisha inaweza kulegea yenyewe, nawe utairudisha mahali pake. Shukuru kwamba ni shaba, kwa sababu zingekuwa za chuma, chumvi ya Tanga ingeshazila. Kiweke sandukuni pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na kamwe usikiache ndani ya gari juani.

Kwa mivukuto, mwone fundi viatu mwaminifu, umwombe kipande cha ngozi laini ya kondoo, kisha apunguze unene wa kingo zake kwa kisu hadi ziwe nyembamba kama karatasi, la sivyo kona haitakunjika. Ile kona iliyopakwa supaglu ngozi yake imeshakufa, ikate yote na uweke nyingine. Tumia gundi nyeupe ya mbao, kidogo sana, na uiache usiku mzima mivukuto ikiwa imefunguka nusu. Wazee walitumia uji wa ngano, ambao ni mzuri na huachia kwa maji ukitaka kurekebisha, lakini kwa nyumba yenye mende ni sawa na kuwaandalia karamu. Ukimaliza, shika mkanda wa upande mmoja na ukiache kinanda kining'inie bila kubonyeza kitu. Kikishuka polepole umefaulu, kikianguka kama ndoo kisimani, tafuta tundu lililobaki.

Pweza wa Shangani

Nakubali nimeshindwa kuhusu kufungua, na nampongeza kijana. Sasa kuhusu taarabu. Vitufe vyako 20 vina noti saba za kawaida pamoja na F iliyopandishwa ya ile safu ya G, basi. Katika makamu, yaani mipangilio ya noti tunayoitumia kwenye taarabu, Rasti na Bayati zina robo toni ndani yake, kwa hiyo zisahau. Hijazi ukiianzia D utaipata F iliyopandishwa unayoitaka, lakini utaikosa E iliyoshushwa, na bila hiyo Hijazi ni chai isiyo na hiliki. Hata hivyo zipo zinazokubali: Ajami kutoka C au G, Nahawandi kutoka A maadamu hupandishi noti ya saba, na Kurdi kutoka E, ambayo imekaa kwenye kinanda chako kama iliyopimwa na fundi cherehani. Anza na Kurdi. Ianzie E, ushuke kwayo mwishoni, na uikawize pale F inapoikaribia E, maana ladha yote iko hapo.

Tatizo jingine ni hiyo robo toni ya juu aliyoieleza Fundi. Udi na fidla vitapandishwa vikufuate, lakini akodiani haiwezi, na mimi na wewe hatutapiga pamoja hata tukikaa mkeka mmoja. Tafuta mpiga udi mwenye subira.

Mjukuu wa Serahangi

Kona moja imeshabandikwa, ya pili nasubiri ngozi. Noti iliyokuwa ikilia yenyewe imenyamaza baada ya kuikunja springi yake kidogo. Jana nimeipata ile C ya juu mara tatu mfululizo, na mara ya nne nimevuta badala ya kusukuma. Swali moja limebaki kwa Mswahili wa Clare: mkanda mpya wa mkono ubane kiasi gani?

Mswahili wa Clare

Uwe na nafasi ya kutosha kuingiza na kutoa mkono bila kuufungua, lakini ukikiinamisha kiganja kinanda kisiteleze. Toboa matundu matatu ya ziada, kwa sababu ngozi mpya hunyooka ndani ya wiki chache za kwanza.