Ushauri jamani: mashine ya kukatia majani naiwekaje mpaka masika?

kijiti_cha_mwembe: Asalaam alaykum. Vuli ishakwisha, jua hili la kaskazi majani yote yamekauka, mashine haina kazi mpaka masika. Ni ile ya kusukuma, ya petroli, magurudumu manne. Nifanye nini isishike kutu? Na petroli niiwache au niitoe? Nimeambiwa tangi likijaa haliingii unyevu. Silali, wallahi.

fundi_mchovu: Waalaykum salaam. Itoe, yakhe. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuharibika, inaganda kwenye kabureta. Kisha iwashe mpaka izimike yenyewe kwa njaa. Oili badilisha injini ingali na joto. Chomoa waya wa plagi KABLA hujatia mkono chini kwenye kisu, halafu kwangua majani yaliyoganda. Hayo ndiyo yanayoshika unyevu, na hewa yetu hii ya chumvi haibakishi bati. Fungua plagi, tia kijiko cha oili, vuta kamba polepole mara mbili tatu, rudisha plagi. Masika ikiingia, magurudumu yote manne tundu moja, na usikate zaidi ya theluthi ya jani.

karafuu_kavu: Sie huku Wete mashine yetu ina miguu minne na inazaa. Idi tunaila.

mamaWawili: Umenikumbusha lile giza la Unguja la miezi mitatu, 2009 kuingia 2010. Baba watoto alinunua jenereta kwa mkopo. Umeme uliporudi akalisukuma uvunguni na petroli yake tumboni. Siku tuliyolitaka tena, fundi alitoa kwenye kabureta kitu kama asali. Mkopo ulikuwa haujesha.

kijiti_cha_mwembe: Ahsanteni. Ila tangi nimeshajaza, na bei ya petroli mnaijua. Na ule moshi mweupe je?

fundi_mchovu: Moshi gani? Hukusema moshi.

kijiti_cha_mwembe: Kidogo tu. Tokea nilipoisafirisha.

fundi_mchovu: Uliisafirishaje?

kijiti_cha_mwembe: Juu ya daladala, gari ya 309. Utingo aliilaza ubavu.

fundi_mchovu: Ubavu upi? Filta ya hewa ikitazama chini, oili yote inakimbilia huko na kwenye silinda. Ukiilaza, filta na kabureta vitazame juu, siku zote. Ifungue filta uone. Ya karatasi ikirowa oili, nunua nyingine. Ya sponji fua kwa sabuni, ianike. Pima oili, ongeza iliyopungua. Moshi utakwisha wenyewe.

dagaa_mchele: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye mwezi uliopita alilia hapa kuwa maji hayapandi ghorofa ya nne Michenzani? Majani unayakata wapi, bwana? Chai hii, tena ya tangawizi.

karafuu_kavu: Anakata zulia.

mzee_wa_baraza: Vijana mnapoteza muda wa watu. Fundi wa watu ameandika mpaka vidole vimemuuma.

kijiti_cha_mwembe: Si uongo! Nyumba iko Paje, mie naiangalia tu. Mwenyewe yuko Ulaya mpaka Machi. Banda la kule linavuja na wezi wameshapita kwa jirani. Nikaona salama nije nayo nyumbani.

mamaWawili: Nyumbani, ndani?

kijiti_cha_mwembe: Jikoni, nyuma ya mlango. Nimeifunika kanga.

fundi_mchovu: Na tangi limejaa?

kijiti_cha_mwembe: Kifuniko nimekikaza. Na jiko la gesi liko upande wa pili, hatua tatu.

fundi_mchovu: Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni kama paka mpaka ukutane na moto. Hatua tatu si kitu! Fungua madirisha, usiguse kiberiti, itoe sasa hivi. Petroli mpe mwenye pikipiki.

mzee_wa_baraza: Na mwenye mali anajua kuwa umeihamisha? Hiyo ni amana.

kijiti_cha_mwembe: Nitamwambia ikishaacha moshi.

dagaa_mchele: Mie bado nasema chai. Weka picha.

kijiti_cha_mwembe: Picha haiwezekani. Mke wangu alikuwa anasoma begani kwangu, ameshaiteremsha chini yeye na mtoto wa jirani. Ngazi nyembamba, imebidi wailaze.

fundi_mchovu: Ubavu upi?