UPANGA WA VAMPAYA WANGU KAUFANYA KIJITI CHA MENO!!!

Mzimu_wa_Maruhubi:
Wakuu, salamu baadaye, mikono inanitetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule mwenye sauti kama honi ya boti ikiingia Malindi. Leo kaja kwangu tucheze Mordheim, ule mchezo wa mezani wa vikosi vya vidude na dadu, nimemtandikia meza, nimemwekea kahawa na kashata, na malipo yangu ndiyo haya: kaung'oa upanga wa vampaya wangu KACHOKOLEA MENO.

Meno, jamani. Yenye nyama ya mishkaki.

Vampaya mwenyewe ni kidude cha milimita 28. Nimempaka tabaka juu ya tabaka, rangi naizimua kwa maji mpaka uso ukatoa weupe wa maiti. Praima, ile rangi ya msingi, nilingoja masika yapite, maana ukipuliza na unyevu ule kinyago kinaota unga. Macho nimeyatia kwa ncha ya brashi, pumzi nimezibana hadi mke wangu kaja kuuliza kama nimeshakufa. Mwenzangu anaona kijiti.

Na magofu je? Mordheim ni mji uliopondwa na kimondo, bila magofu huchezi. Nikaenda kuzitazama nguzo za Maruhubi zilizobaki tangu jumba liungue 1899, nikazichonga kwa lile povu gumu linalokuja na friji. Hata hakuziangalia. Kaweka kikombe juu yake.

Tepu ya inchi iko mezani, yeye anapima kwa shibiri! Akija kunivamia yeye, shibiri inafika Bububu. Nikimvamia mie, inakuwa shibiri ya mtoto wa chuoni. Dadu ikianguka chini ya kochi na ni 6, halali. Ikiwa 1, "imeguswa na paka." Sina paka.

Yote nimevumilia. Ikafika zamu yake, anafikiri, mkono ukamwendea vampaya, tk! Upanga huo, moja kwa moja hadi gego la mwisho. Kauzungusha. Kautoa, kautazama, KAURUDISHA TENA. Vampaya wa taji 110, pesa za mchezo hizo, katika taji 500 unazoanzia kikosi kizima! Zombi ni 15 tu, si angechukua zombi? Sheria ya majeruhi iko wazi: dadu ikitoa 1-2 kaanguka, 3-4 kazimia (na vampaya hata huko kuzimia anahesabiwa kaanguka tu), 5-6 nje. Hakuna dadu inayosema gego.

PembaKwetu:
Yakhe, watu wazima mnalilia vidude vya mchezo wa 1999? Sie Popobawa wa 1995 katulaza nje kwa hofu, na hakuna aliyempaka rangi.

Mzimu_wa_Maruhubi:
Popobawa hajatiwa mtu mdomoni. Pita.

Dadu_Sita:
Mie nauliza la maana. Shujaa akitolewa nje unarusha dadu mbili, moja ya makumi na moja ya mamoja, ukipata 11 hadi 15 amekufa moja kwa moja. Umerusha?

Mzimu_wa_Maruhubi:
HAKUTOLEWA! KACHOKOLEWA!

BintiMkunazini:
Chai yote imenimwagikia hapa. Vampaya wa wenzio wanauma watu, wa kwako kaumwa yeye 😂😂

FundiKekee:
Pole ndugu. Toboa ile ngumi kwa kekee nyembamba, tia kipande cha waya wa klipu, kisha supaglu. Unashika kuliko mwanzo.

Mzimu_wa_Maruhubi:
Upanga ule? Hata ukichemshwa na karafuu siurudishi. Nimekwambieni kauangalia, kisha KAURUDISHA?

KahawaTungu:
Mishkaki ya wapi lakini? Maana kuna ya pale Forodhani, ile bila upanga haitoki kweli.

Wa_Wete:
Tuseme haki, huyo wa meno ana nafuu. Yule wa printa ya kuchapa vidude je? Mnamjua. Nimempa pesa kabla ya Ramadhani anichapie mazombi ya rezini. Tumeingia Mfunguo Tatu, kanipa vichwa. Vichwa vitupu, kwenye mfuko wa karatasi.

BintiMkunazini:
Kumbe vichwa unavyo wewe! Mie kanipa miili.

Dadu_Sita:
Kwangu kasema umeme umekatika. Nyumba yetu na yake nguzo moja, mie feni inazunguka.

Mzimu_wa_Maruhubi:
Jamani, uzi wa upanga huu.

PembaKwetu:
Hata mie kanila. Nilimwagiza mbwa mwitu, kaniletea mnyama ana miguu mitatu, eti ndivyo walivyo huko Ulaya.

KahawaTungu:
Wewe si ulisema vidude?

PembaKwetu:
Vidude vya pesa yangu, yakhe.

FundiKekee:
Kaonekana Darajani jana, anapatana bei ya friji.

BintiMkunazini:
FRIJI? Kwa miili yangu?!

Wa_Wete:
Binti, tusigombane na mwendawazimu. Leta miili, mie nilete vichwa, tuunganishe tugawane nusu kwa nusu.

BintiMkunazini:
Haya. Vyako vya milimita ngapi? Yangu 28.

Wa_Wete:
32.

BintiMkunazini:
Basi tena.