MREJESHO: Kazi za ofisini kunifuata hadi nyumbani

Wakuu, mwezi uliopita nililia hapa: karani wa mizigo, Tanga, simu zinanikatiza mpaka nyaraka namalizia usiku nyumbani Chumbageni. Ahsanteni sana kwa ushauri.

Ile mbinu ya kugawa muda mliyonipa, "nyanya" (Pomodoro) ya Mwitaliano Francesco Cirillo, dakika 25 kazi, 5 kupumzika, ilinishinda siku ya pili. Mteja akishafika kaunta hasubiri king'ora! Kilichonisaidia ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi, wateja hawajajaa: simu kwenye droo, naanza na nyaraka nzito. Sasa siku tatu kwa wiki natoka saa 11. Ijumaa bado balaa.

Kunyamazisha makundi ya WhatsApp nimeshindwa, bosi anatuma kazi humohumo. Uliyesema niandike kazi tatu za kesho kabla sijatoka, unanidai kahawa Ngamiani, barabara ya nane.