Mrejesho: Kubadilisha 0 ya mwanzo katika namba za simu kwa Python

Ndugu zangu, narudi na mrejesho wa swali langu la kubadilisha 0 ya mwanzo katika namba za simu kuwa +255, ambapo namba[0] = "+255" ilikuwa ikikataliwa kwa kosa la TypeError. Kama mlivyonieleza, stringi (data ya maandishi, kama namba hizi) ikishaundwa haibadilishwi herufi yake hata moja. Kinachowezekana ni kuunda mpya, nami nikaandika "+255" + namba[1:], yaani kuanzia fahirisi (namba ya nafasi ya herufi) 1 hadi mwisho, kwa kuwa hesabu huanzia 0.

Ilifanya kazi, isipokuwa kwa namba chache zilizotoka zikiwa na +2550. Nilipozichapisha kwa repr(), inayoonyesha stringi ikiwa ndani ya alama za nukuu, ndipo nikaona kila moja ina nafasi tupu mbele, kwa hiyo [1:] ilikuwa ikikata nafasi hiyo na kuiacha 0 palepale; strip(), inayoondoa nafasi tupu za mwanzoni na mwishoni, imelimaliza hilo.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba kwenye mstari mtupu namba[0] husimamisha programu kwa kosa la IndexError (fahirisi isiyokuwepo), ilhali namba[0:1] hurudisha stringi tupu bila kosa lolote, na ukaguzi niliouongeza wa kuona kama namba inaanza na "0" unatumia hiyo ya pili. Uliyenishauri kutumia repr(), nakushukuru sana.