Mrejesho: 9mm, .380 au .45 ya kubeba kila siku

Wakuu, niliuliza kaliba (kipenyo cha risasi) ipi inafaa kwa bastola ya kujilinda hapa Dodoma. Nimeamua: 9mm (9x19, yaani kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita).

Hesabu iliyoniamulia ni hii. Risasi ya .45 ina kichwa cha gramu 15 hivi, mwendo karibu mita 255 kwa sekunde. Ya 9mm ni gramu 7.5 hadi 8, mita 350 hivi, teke (msukumo wa kurudi nyuma) dogo, na magazini inabeba nyingi zaidi. Shabaha ya pili inarudi haraka, na hilo ndilo kubwa kwangu.

.380 ni fupi (9x17), haiingiliani na 9mm, msizichanganye! Tena bastola zake ndogo nyingi hupiga teke kali, maana slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma ukifyatua) haina kufuli ya kuishika na mtutu.

Mkono ukilegea, slaidi hairudi nyuma kikamilifu, ganda linakwama. Mafuta yawe matone machache tu. Yakizidi, vumbi letu la kiangazi linageuka tope. Kidole nje ya kifyatulio, ala (mfuko wa bastola) ifunike kifyatulio chote.

Kibali kwanza, chini ya sheria ya silaha ya 2015. Asanteni sana.