Mjadala: Mguu wa pikapu ukifa mapema, nani athibitishe kosa ni la nani?

Mleta mada

Wakuu, naandika haya kipande cha chuma kikiwa mezani mbele yangu. Ni bapa, yaani kimoja cha vyuma virefu vinavyopangwa pamoja kuwa springi, la nyuma kushoto ya pikapu yangu. Limekatika karibu na senta bolti, ile inayoyafunga mabapa pamoja katikati, gari likiwa limetembea kilometa 41,000 tu. Kabla ya hapo, kwenye kilometa 28,000, bushi (raba za maungio) za mikono ya chini mbele, vile vyuma vinavyounganisha gurudumu na chasisi, zilichanika, na boljointi moja, kiungo cha mviringo kinacholishika gurudumu kwenye mkono, ikalegea. Fundi aliinua gari, akapitisha mtaimbo chini ya tairi, akanyanyua kidogo, gurudumu zima likacheza: ko, ko. Gari nililinunua jipya, servisi zote nimefanya kwa wakati, risiti ninazo.

Mara zote mbili jibu la muuzaji lilikuwa moja: vifaa vya miguu, yaani springi, mikono, bushi na boljointi, ni vitu vya kuchakaa, na matumizi yangu ni makali. Hakuna aliyeniuliza ninapita wapi wala nabeba nini. Hakuna aliyepima chochote. Bushi za mara ya kwanza zilitupwa hata sijaziona. Nililipa, nikaondoka na uchungu ambao mpaka leo haujanitoka.

Hoja ninayoileta ni hii. Kifaa cha mguu kikifa kabla ya wakati na waranti bado ipo, jukumu la kuthibitisha liwe la nani? Mwenye gari athibitishe kwamba hakulitesa, au kiwanda kithibitishe kwamba alilitesa? Mimi nasema kiwanda.

Tuanze na hiki kipande. Sehemu kubwa ya mkato ni nyeusi, ina kutu ya zamani na mistari iliyopinda inayofuatana, kama alama zinazobaki mchangani maji yakipwa. Sehemu ndogo iliyobaki inang'aa na ina chembechembe. Maana yake ufa ulianza siku nyingi, ukawa unatambaa kidogo kidogo, mpaka chuma kilichosalia kikashindwa kubeba na kukatika siku moja. Huu ni uchovu wa chuma, na elimu yake si ya jana. Mjerumani August Wöhler aliuchunguza katika karne ya 19 kwenye ekseli za treni, akaonyesha kwamba mzigo usioweza kukata chuma kwa mara moja unaweza kukikata ukijirudia mara nyingi.

Sasa ufa huo ulianzia wapi? Huenda ni dosari ya chuma tangu kiwandani, huenda kilichomwa na kupozwa vibaya, huenda ni kijishimo cha kutu, huenda ni mzigo uliozidi. Kwa macho tu sijui, na anayeniambia kwa macho tu kwamba ni mzigo naye hajui. Kinachotakiwa ni kupima ugumu wa chuma na kutazama mwanzo wa ufa kwa darubini. Kiwanda ndicho chenye maabara, vipimo vya asili, na hesabu ya springi ngapi za aina hiyo zimekatika kwa watu wengine. Mimi nina risiti na picha za simu. Inakuwaje mimi ndiye wa kuthibitisha?

Kuna nchi zilizokwisha kuliona hili. Uingereza, kwa sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya kwanza huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2019, ulipandisha muda wa aina hiyo kutoka miezi 6 hadi mwaka mzima, na nchi mwanachama ikitaka inaweza kuufanya miaka 2. Ni hatua nzuri, ila springi haihesabu miezi. Inahesabu mashimo.

Na msiniambie viwanda havikosei. Mwaka 2005 Toyota iliita magari zaidi ya 700,000 Marekani yarudi kurekebishwa, pikapu za Tacoma na Tundra zikiwemo, kwa sababu ya boljointi za mbele. Mwaka 2014 ikaita Tacoma zipatazo 690,000 za 2005 hadi 2011, kwa kuwa springi za nyuma ziliweza kukatika na kipande kikatoboa tangi la mafuta. Mwaka 2015 Fiat Chrysler (FCA), watengenezaji wa pikapu za Ram, walikubaliana na mamlaka ya usalama barabarani ya huko kulipa adhabu ya dola milioni 105 kwa kusuasua katika kurekebisha magari yenye kasoro, na wakatakiwa kuwapa wenye magari zaidi ya nusu milioni yenye vifaa vibovu vya miguu nafasi ya kuwauzia tena. Kabla ya matangazo hayo, kila springi iliyokatika ilikuwa shida ya mtu mmoja na fundi wake.

Pendekezo langu: springi, mkono au boljointi vikifa kabla ya kilometa 60,000 ndani ya waranti, ihesabiwe kuwa ni kasoro mpaka kiwanda kithibitishe vinginevyo kwa maandishi. Bushi za raba ziwekewe kikomo chao kifupi zaidi. Na kifaa kibovu kirudi mikononi mwa mwenye gari. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Pole mkuu. Mimi ni fundi, nafunga miguu ya magari mwaka wa 19 huu, na kuna upande hujaugusa: sisi mafundi.

Bushi ya mkono wa chini ni raba iliyogandishwa juu ya kibomba cha chuma. Bolti ikikazwa, kile kibomba kinabanwa, hakizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka, raba ndiyo inayojisokota. Sasa fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, ameifunga raba katika mkao huo wa kuning'inia. Gari likishuka chini, raba imekwisha kusokotwa kabla halijatembea hata mita moja, na inakaa imesokotwa usiku na mchana. Itachanika tu. Inavyotakiwa, bolti zishikishwe kwa mkono, gari lishushwe likae kwa uzito wake, litikiswe, ndipo zikazwe kwa spana ya kipimo. Wangapi tunafanya hivyo? Niliwahi kupokea pikapu iliyobadilishwa bushi mara tatu ndani ya mwaka, mwenyewe amekata tamaa, kila mtu kamwambia gari ni bovu. Nilinunua bushi za aina ileile, nikazikaza gari likiwa chini. Zipo mpaka leo.

Boljointi nazo nyingi za siku hizi zimezibwa moja kwa moja, hazina pa kutilia grisi. Kile kimfuko cha raba kikipasuka, maji na mchanga vinaingia, na haichukui muda kazi imekwisha. Kukikagua ni tochi na dakika mbili, lakini kwenye servisi nyingi wanabadilisha oili na kuosha gari basi.

Na walioinua magari na kufunga matairi mapana yaliyochomoza nje, nao wajue kwamba wamebadilisha pembe za boljointi na kurefusha wenzo unaozikamua. Kwa hiyo nakuunga mkono kwa vifaa vilivyotoka kiwandani na havijaguswa. Vikishaguswa, habari ni nyingine.

Mchangiaji wa pili

Napingana na mleta mada, kwa heshima. Watu hawajui pikapu zao zinabeba nini. Chukua gari ambalo kitabu kinasema mzigo ni kilo 1,000. Mtu anasikia tani moja, anapakia mifuko 20 ya saruji nyuma. Lakini vitabu vingi huhesabu na waliokaa ndani. Watu watano wa kilo 75 ni kilo 375. Bampa ya chuma na winchi, tuseme 100. Kava la nyuma 60. Hapo umebakiwa na kilo 465, mifuko 9. Huyo mwenye mifuko 20 amebeba zaidi ya mara mbili ya alichoruhusiwa, na ataapa kwamba hajawahi kuzidisha. Hasemi uongo, hajui tu.

Kiwanda kikibebeshwa jukumu la kuthibitisha kila springi iliyokatika, gharama itaongezwa kwenye bei ya gari jipya. Tutailipa sisi tunaotunza.

Mchangiaji wa tatu

Jamani, mnazungumza gharama, mimi nizungumze uhai. Niliripoti mlio mbele kulia mara mbili, gari likiwa ndani ya waranti. Mara zote mbili niliambiwa pikapu ndivyo zilivyo, si gari la kutembelea mjini. Mara ya kwanza hata hawakuinua gari. Wiki chache baadaye boljointi ya chini ilichomoka nikiwa natoka getini, mwendo wa kutembea kwa miguu. Gurudumu lilijilaza nje, fenda ikalalia tairi, usukani ukawa haufanyi kitu. Watoto walikuwa nyuma. Dakika 20 baadaye ningekuwa barabara kuu. Mimi nilitunza, kaka, na nilisema mapema.

Mleta mada

Dada, pole sana. Nimesoma ulichoandika mara mbili. Ningeomba tuongeze kwenye pendekezo: mlio wa mguu ukiripotiwa, gari liinuliwe na kukaguliwa, na majibu yaandikwe yakiwa na kilometa za siku hiyo. Neno la mdomo kwamba ndivyo zilivyo lisihesabike kuwa ni ukaguzi.

Fundi, umenifungua macho. Bushi zangu za kwanza zilikuwa za kiwandani, hazijaguswa na mtu, ila hizi za pili nilisimama pale na nakumbuka vizuri zilikazwa gari likiwa juu. Nimekubali marekebisho yako. Ila kama fundi aliyekosea ni wa karakana ya muuzaji mwenyewe, ambako tunalazimishwa kwenda ili tusipoteze waranti, hapo kosa libaki kwao. Na kwa walioongeza vitu, Marekani wana sheria tangu 1975, Magnuson-Moss: kifaa cha nje hakifuti waranti chenyewe, mpaka ionyeshwe kwamba ndicho kilicholeta uharibifu. Bampa ya mbele haikati springi ya nyuma. Anayesema imekata, aonyeshe.

Mkuu wa saruji, hesabu yako ni sahihi na wengi itatusaidia. Lakini inanipa nguvu mimi. Gari lililozidishiwa mzigo huacha alama. Ile mipira ya kuzuia ekseli isigonge chasisi huwa imepondeka na kung'aa, mabapa mengine hupoteza mkunjo, na mara nyingi kunakuwa na mikwaruzo pale ekseli ilipogonga. Kwa hiyo kama ni mzigo, kiwanda hakikosi pa kushika. Mipira yangu nimeipiga picha: bado ina ile mistari ya kutoka kwenye kalibu. Na springi zote mbili zimekaa kimo kimoja, ukitoa hili bapa lililokatika. Hakuna aliyeinama kuangalia.

Kuhusu bei, sasa hivi gharama hiyo ipo tayari. Inalipwa na yule ambaye springi yake ilitoka vibaya, peke yake, na anaambiwa ni mkosaji. Kesho nampelekea hiki kipande mtu wa kupima vyuma, asiye wa kwao wala wangu. Akisema ni mzigo, nitarudi hapa kuandika kwamba ni mzigo.

Mchangiaji wa kwanza

Kabla hujakikabidhi, penye mkato usipaguse wala kupasugua, hata kwa kitambaa, usitie brashi ya waya wala dizeli, utafuta ile mistari. Piga picha namba iliyochongwa ubavuni mwa bapa. Na sehemu ya pili ya hilo bapa, iliyobaki kwenye gari, nayo ifungue uende nayo. Mkato una nyuso mbili.